Ndiyo ya mama, yes ya daktari

Mtoto alikuwa na miaka miwili na ushei, uzito wake kilo 11, amelazwa juu ya kitenge kwenye baraza la kituo cha afya, na mimi ndiye niliyemkosesha kidonge. Hakuna aliyenisukuma. Nilitafsiri neno moja tu, tena neno ambalo kila mtoto Uganda analijua kabla hajajua kuandika jina lake.

Mimi ni mkalimani. Nafanya kazi katika makazi ya wakimbizi, huku magharibi mwa Uganda. Wagonjwa wetu wengi wametoka Kongo, upande wa Kivu, na Kiswahili chao kina ladha yake. Wauguzi wengi ni Wanyankole na Waganda, na Kiswahili wanakisikia kwa shida. Kila baada ya miezi kadhaa huja madaktari wa kujitolea kutoka ng'ambo, watu waliozaliwa na Kiingereza mdomoni. Katikati ya wote hao nimesimama mimi, binti wa askari, niliyezaliwa kambini Jinja. Kiswahili nilikipata kule kule, maana jeshini Uganda ndiyo lugha ya kazi tangu enzi za Waingereza, na kwa sababu hiyo hiyo raia wengi walikua wakikiogopa. Kwao kilikuwa lugha ya mtu mwenye bunduki. Mwaka 2005 marekebisho ya Katiba yalikitaja kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia kitumike rasmi na kifundishwe shuleni. Nilifurahi sana. Lakini fomu za kituoni ni za Kiingereza, na zina visanduku viwili tu: Yes, No.

Siku ile mama alifika asubuhi na mapema. Jana yake jioni mhudumu wa afya wa kijiji alikuwa amemtoboa mtoto kidole, akaona mistari miwili kwenye kipimo, akampa pakiti ya dawa ya malaria. Kwa mtoto wa uzito ule ni vidonge sita: kimoja kwa kila mara, mara mbili kwa siku, siku tatu. Cha kwanza alimeza pale pale. Cha pili kilitakiwa zikipita saa nane tangu cha kwanza. Saa nane zilipotimia ilikuwa usiku wa manane, mtoto amelala hatimaye baada ya kulia jioni nzima, na mama hakuwa na moyo wa kumwamsha. Hayo yote niliyajua baadaye. Asubuhi ile nilichoona ni mama aliyechoka, mtoto mwenye joto, na kavera nyeusi, yaani mfuko wa plastiki, iliyofungwa fundo na kutiwa ndani ya kikapu.

Daktari aliinama akamgusa mtoto shingoni. Akauliza, kwa upole kabisa: "He hasn't had the second tablet, has he?"

Nikamgeukia mama. "Hajameza kidonge cha pili, siyo?"

"Ndiyo," akasema mama.

Nikamgeukia daktari. "Yes."

Daktari akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika. Kwa hesabu yake kidonge cha pili kilikuwa kimeshaingia tumboni, kwa hiyo cha tatu kingesubiri jioni. Akaagiza mtoto akae barazani apate maji ya chumvi na sukari, aangaliwe. Akaenda kwa mgonjwa mwingine, na mimi nikamfuata.

Mama alisema kweli. Daktari alisikia vizuri. Mimi nilitafsiri neno kwa neno. Mtoto akabaki bila dawa.

Ilipofika saa tisa alasiri mama aliniita. "Dada, samahani. Ile dawa, dokta amesema tumupe saa ngapi?" Nikamwambia jioni. Akaniangalia. "Na ile ya usiku, ambayo hakukunywa?" Nikahisi tumbo linanikata. Nikapiga magoti, tukalifungua fundo la kavera pamoja. Nikaitoa pakiti, nikahesabu. Vidonge vitano. Nikahesabu tena kwa kuvigusa kimoja kimoja kwa kidole, kama vile kuna ambacho kingepotea. Vitano. Kama ile "yes" yangu ingekuwa kweli, vingekuwa vinne.

Nilikimbia. Daktari alikuja mwenyewe, kidonge kikasagwa kijikoni, kikalainishwa kwa maji, na muuguzi akatafuta maziwa, maana dawa ile hufyonzwa vizuri zaidi ikiambatana na chakula chenye mafuta. Mtoto akameza, akakunja uso, akalia. Mama akamkumbatia. Kidonge cha usiku wa manane kilimezwa alasiri, saa 12 hivi baada ya wakati wake, na malaria kwa mtoto wa miaka miwili si ugonjwa wa kuupa saa 12.

Jioni daktari alinikuta nimekaa benchi la nyuma, karibu na tangi la maji. Hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Lakini ulisema yes." Nikamjibu: "Ndiyo, nilisema yes. Yes, hajameza." Akanyamaza muda mrefu. Kisha akaketi, akaniambia kwamba kwake yeye maneno hayo mawili hayawezi kukaa pamoja. Yes inavuta "amemeza." No inavuta "hajameza." Haijalishi swali limeulizwaje.

Nilirudi nyumbani na jambo hilo, nikalala nalo, nikaamka nalo. Na kilichonijia alfajiri kilikuwa ufagio.

Nilikuwa darasa la nne. Siku ya kufungua muhula, kila mtoto alitakiwa aje na ufagio na karatasi za chooni, kama ilivyo shule nyingi za Uganda mpaka leo. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa sista mmoja kutoka Ireland, mzee, mwenye mikono yenye madoadoa. Akasimama mbele yangu: "You haven't brought your broom?" Nikajibu kwa adabu, nimenyoosha mikono ubavuni: "Yes, Sister." Akanyoosha mkono apokee ufagio. Nikautazama ule mkono. Akauliza tena, nikajibu tena. Darasa zima likakaa kimya, na mkono ule ukabaki hewani. Nilijua nimekosea, na sikujua kosa ni lipi, kwa sababu nilikuwa nimekiri wazi kwamba sikuleta ufagio.

Sista alikuwa na subira. Mapumziko aliniita, akaniambia jambo ambalo kwa miaka mingi nililichukulia kama hadithi ya bibi. Alisema katika Kiairishi, lugha ya mababu zake, hakuna neno la ndiyo wala neno la hapana. Ukiulizwa kama umeleta, unajibu "nimeleta" au "sikuleta." Unakirudisha kitendo chenyewe. "Basi nawe nijibu hivyo," akasema. "Sema tu: I have not." Nilifanya hivyo mpaka alipoondoka. Alipokuja mwalimu mwingine, Mganda, tukaelewana naye bila taabu, maana yeye pia "yes" yake ilikuwa kama yetu: unauliza kwa kukanusha, nakubali kwamba umekisia sawa. Waganda na Wanyankole ninaoishi nao huongea Kiingereza hivyo kila siku. "You are not going?" "Yes, I'm not going." Hakuna anayeshangaa. Ukiwa Uganda unaweza kuishi miaka 30 na yes ya namna hiyo, mpaka siku unapokutana na mtu mwenye yes nyingine, na katikati yenu kuna mtoto mgonjwa.

Tangu siku ya vidonge nimelichunguza neno letu kama fundi anayefungua redio. Ndiyo. Ni ndi- na -yo: ndiyo hiyo, ndivyo ulivyosema. Neno hilo linamjibu msemaji. Linasema, ulichotamka nakithibitisha, kiwe cha kukubali au cha kukanusha. "Hujala?" "Ndiyo, sijala." Umesema kweli, sijala. Wala hapana si kinyume chake cha sawasawa, tusijidanganye. Hapana ni ha-pa-na, kitu hakipo mahali. Tunasema "hapana shida," "hapana maji." Ndiyo maana ukimwuliza mtu dukani "Hakuna chumvi?" akajibu "Hapana," unabaki mlangoni hujui kama anakupinga au anakwambia chumvi imekwisha. Unangoja aendelee. Na yeye huendelea: "Hapana, imeisha jana." Mswahili haishii kwenye neno la kwanza. Neno la kwanza ni hodi tu, habari inakuja nyuma yake. Tena tumebarikiwa "bado," neno ambalo nalipenda kuliko mengi: "Hujameza?" "Bado." Limekwisha, hakuna wa kulipindua.

Kiingereza hakitazami msemaji, kinatazama kitendo. Kama kitendo kimefanyika, yes. Kama hakikufanyika, no. Na swali lije limevaa nguo gani, jibu halibadiliki. Ni mpango mzuri, nakiri, ukishaujua. Lakini Waingereza wenyewe hawakuanza hivyo. Zamani walikuwa na maneno manne. Swali la kawaida walilijibu kwa yea au nay. Swali la kukanusha walilijibu kwa yes au no. Yes ilikuwa na kazi maalumu: ilikuwa neno la kumpinga anayedhani jambo halikufanyika. Wafaransa wanalo la namna hiyo mpaka leo, "si", Wajerumani wanalo "doch." Kiingereza kililipoteza lake. Katika miaka ya 1530 Thomas More alimshambulia William Tyndale, mfasiri wa Agano Jipya, kwa kosa hilo: katika Injili ya Yohana, Yohana Mbatizaji anaulizwa kama yeye ni nabii, na Tyndale akamjibisha "no" mahali ambapo More alitaka "nay." Wasomi wawili, wote Waingereza, wakivutana juu ya neno dogo hilo. Nilipojua hivyo nililia kidogo, na siwezi kueleza vizuri kwa nini. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa nimejibebesha kosa lile kama ujinga wangu mimi, mtoto wa kambini, kumbe shimo lipo barabarani na wengi wametumbukia.

Kuna aina nyingine ya maswali haya ambayo haijamnyima mtu dawa, ila inaumiza heshima, na heshima kwa watu wetu si kitu kidogo. Mzee mmoja alikuja kituoni akiegemea fimbo. Daktari mgeni, kwa nia njema kabisa, akamwambia: "Why don't you sit down?" Mzee alijua Kiingereza cha kutosha kulisikia mwenyewe. Kwa nini huketi? Akasimama wima zaidi, akajieleza kama mtu aliyeshtakiwa: mgongo, mama, nikikaa kwenye benchi lile siwezi kuinuka. Daktari alikuwa anamkaribisha tu. Kwetu "kwa nini huketi" ni karipio, mkaribishaji husema "karibu kiti, mzee." Nilimtafsiria mzee yale aliyokusudia daktari, uso wake ukalegea, lakini nilimwona alivyotaabika kwa ile dakika moja. Vivyo hivyo na "Won't you have some tea?" Mgeni wetu husikia kwamba anadhaniwa hataki, naye kwa adabu anakubaliana na dhana hiyo, anakosa chai. Nimeona akina mama wakitoka mkutanoni na kiu kwa sababu ya swali la namna hiyo.

Mahakamani ndiko ninakohofia zaidi. Ninaye mwenzangu anayefasiri huko, na tumelizungumza hili mara nyingi tukisubiri matatu. Katiba ya 1995, ibara ya 28, inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi haki ya mkalimani bila kulipa. Ni haki kubwa. Lakini wakili anapomhoji shahidi wa upande wa pili, maswali mengi huja yamekanushwa tayari na kufungwa kamba mkiani: hukumwona aliyekata panga, siyo? Shahidi anajibu "Ndiyo," yaani sikumwona. Mkalimani mchovu akisema "Yes" akaishia hapo, kinachoandikwa kwenye kumbukumbu kinategemea mwandishi ni wa yes ipi. Mwenzangu ana desturi ya kumwomba hakimu ruhusa ya kupata jibu kamili, na kuna siku anaonekana anachelewesha kesi. Naomba asiache. Naomba mahakimu wetu wamvumilie. Dakika moja ya kumwuliza shahidi "Ulimwona au hukumwona?" ni nafuu kuliko mtu kufungwa kwa sababu ya kiambishi.

Kwetu kituoni tulibadilika, na tulianza kesho yake. Daktari yule alikaa nami kabla ya foleni kufunguliwa, tukayapitia maswali aliyozoea kuuliza. Lile la "Hana mzio wa dawa yoyote, siyo?" likawa "Kuna dawa iliyowahi kumdhuru? Ipi?" Lile la "Huna mimba?" likawa "Hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini?" Na lile la kidonge likawa "Amemeza vingapi? Nionyeshe pakiti." Nililiona jambo kwa macho yangu: swali linaloanza na ngapi, lini, ipi halina mlango wa nyuma. Mama hawezi kulijibu kwa ndiyo hata akitaka. Kadi ya mtoto wa siku ile, pale palipoandikwa kwamba dozi ya pili imetolewa, daktari alipapitishia mstari mmoja, akaandika pembeni saa halisi na jina lake. Hakulifuta kosa chini ya wino. Alitaka lisomeke.

Upande wangu nilijiwekea masharti mawili, na nayafuata mpaka leo. Mgonjwa akijibu neno moja, silivushi. Nangoja kitendo. Kisipokuja nakiomba: "Ndiyo amemeza, au ndiyo hajameza?" Mwanzoni wagonjwa walinishangaa, wengine wakadhani siwaamini, na ilinibidi nijifunze kuuliza kwa sauti laini, nikieleza kwamba shida iko kwa lugha ya daktari wala si kwa ukweli wao. Na daktari akija na swali la kukanusha, naligeuza kabla sijalitoa. Wapo watakaosema mkalimani hana ruhusa ya kugusa swali. Nimesoma mafunzo hayo, nayaheshimu. Lakini ninapoligeuza namwambia daktari kwamba nimeligeuza, hapo hapo, mbele ya mgonjwa. Kufasiri maneno yote na kupoteza maana ni kosa nililokwisha kulifanya mara moja, na nililihesabu kwa kidole, vidonge vitano.

Kitu kigumu zaidi kimekuwa kinywa changu mwenyewe. Kiswahili chetu kinapenda kuuliza kwa kukanusha, hasa tunapojali. Hujambo? Hujachoka? Hamjala? Ni upole huo, namna ya kugonga mlango bila kuusukuma. Sitaki kuutoa kwenye maisha yangu, na sidhani kama ningeweza.

Mama yule alirudi baada ya wiki mbili, siku ya kupima uzito. Mtoto alikuwa anatembea mwenyewe, amekamata pindo la kitenge, na akaning'ang'ania kalamu. Tukamtundika kwenye mizani, mshale ukapanda ukapita kidogo pale ulipokuwa. Nilifurahi mno hata ulimi ukanitangulia.

"Hana homa tena?" nikauliza.

"Ndiyo," akasema mama.

Nikakaa kimya, nikamtazama, kalamu iko kwa mtoto.

"Hana," akamalizia.